Magunia Sitini ya Kwenda Ngazidja

Saa tisa na dakika ishirini alasiri, Jumatatu ya pili ya Julai, Egidius alibandika utepe wa mwisho kwenye mlango wa sebule yake, mtaa wa Viwanja Sitini, Ifakara. Ndani kulikuwa na magunia sitini ya mchele, yamepangwa hadi usawa wa kifua na kufunikwa turubai. Chini ya turubai, kwenye visahani vya bati, kulikuwa na vidonge vya gesi. Muuza pembejeo alikuwa amemwambia jambo moja mara mbili: nyumba isilaliwe siku tano.

Mpango ulikuwa rahisi. Egidius, mkewe Dorotea na binti yao Bibiana, mwenye miaka minane, wangelala kwenye banda la jiko, uani. Mnunuzi angefika Jumamosi. Kufikia siku hiyo fukusi, wadudu waliouvamia mchele, wangekuwa wamekufa, mchele umepepetwa, na harufu imetoka. Mchele haukuwa wa Egidius peke yake. Kaya kumi na mbili zilileta magunia matano kila moja, na magunia ya kaya tatu yalikuwa na fukusi.

Mnunuzi aliitwa Safina, mwanamke wa Ngazidja katika visiwa vya Komoro. Kwenye simu alisema wazi: "Mchele mliotia dawa wenyewe sitaki. Walionitangulia walileta mchele unanuka, wazee wakaukataa mbele za watu." Akaongeza kwamba akiridhika na magunia hayo sitini, mwakani atachukua mia nne, na mji wake hautaagiza tena mchele wa meli kutoka Asia.

Saa kumi kasoro dakika tano, bajaji ilisimama mbele ya nyumba.

"Hodi wenyewe," ilisema sauti ya mwanamke. "Ndio kwa baba Bibiana?"

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu, mnene kiasi, amejifunga shiromani, leso pana ya kwao yenye rangi nyekundu na nyeupe. Dereva wa bajaji aliteremsha begi moja na kapu.

"Karibu, mama," Egidius alisema. Mkono wake bado ulikuwa na kipande cha utepe. "Tulikutegemea Jumamosi."

"Meli imecheleweshwa. Nikasema, kukaa Dar es Salaam nafanya nini? Siku tisa nimelala gesti, nimechoka kulala kwenye nyumba isiyo na mwenyewe." Akacheka. "Kwetu hufanyi biashara na mtu hujala kwake, hujalala kwake. Au nyinyi watu wa bara hamna hayo?"

"Tunayo," Egidius alisema.

*

Dorotea alimvuta mumewe nyuma ya banda la jiko, penye kuni.

"Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba sebuleni kuna dawa."

"Nikimtajia dawa, nimemtajia fukusi. Nikimtajia fukusi, kesho yuko kwenye basi. Silvano na wenye magunia wenzake nitawaeleza nini?"

"Basi mpeleke gesti. Sema nyumba inapakwa rangi."

"Mtu amevuka bahari, nimpeleke gesti? Kwenu Masagati mngefanya hivyo?"

Dorotea alijua jibu. Kwao Masagati mgeni hupewa kitanda, na wenye nyumba hulala chini. Kumpeleka mgeni mahali pa kulipia ni jambo ambalo watu wangelisimulia miaka kumi.

"Chumba cha nyuma hakipakani na mlango wa sebule," Egidius alisema. "Nitaziba chini ya mlango kwa matambara. Dirisha litabaki wazi. Kesho nitapata namna ya kumhamishia kwa Silvano."

"Muuza dawa alisema nyumba. Hakusema sebule."

"Wauza dawa wanajikinga na lawama."

Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, bati jipya, bila dari. Kuta za vyumba ziliishia usawa wa linta, juu kidogo ya milango, na kutoka hapo hadi kwenye bati palikuwa wazi. Mtu aliyekohoa sebuleni alisikika chumba cha nyuma. Egidius alikuwa ameishi humo miaka sita na jambo hilo alilijua. Aliziba chini ya mlango.

*

Walikula uani saa kumi na mbili, wali na kambale wa kukaanga. Safina alikula kwa mkono, taratibu, akiutazama kila tonge.

"Huu ndio ule wa magunia?"

"Ndio wenyewe," Egidius alisema. "Mbegu ya Supa. Umelimwa bondeni huku."

"Unanukia. Nisimame ukumbini kwetu niseme huu umetoka Ifakara, hawataniamini. Watasema Ifakara ni wapi." Alimgeukia Dorotea. "Mama, unajua ndoa kubwa ya kwetu? Mwanamume anaweza kuwa na wajukuu, lakini kama hajafanya ndoa kubwa akalisha mji, kwenye kikao anakaa nyuma na watoto. Kaka yangu ana miaka sitini na moja. Mwezi wa nane ndio anatoka nyuma."

"Kwa hiyo magunia haya ni ya kumtoa nyuma?"

"Ya kumtoa nyuma. Na gunia moja likiwa bovu, linamrudisha."

Safina alicheka peke yake. Egidius aliangalia sahani yake.

Bibiana alipita na birika la maji ya kunawa, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kwetu mtoto anasema kwezi. Sema."

"Kwezi."

"Na mkubwa anajibu: mbona."

Bibiana alimtazama mama yake, asijue kama anaruhusiwa kucheka. "Mbona nini, bibi?"

"Basi tu. Mbona, imekwisha. Tunaelewana nusu, nusu nyingine tunaonyeshana." Safina alifungua kapu, akatoa shiromani mpya na kumfunika mtoto mabegani. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya mazungumzo: "Usiku wa kwanza mgeni haachwi alale peke yake. Nipeni huyu anisindikize."

Dorotea alikuwa ameshika sufuria. Aliiweka chini.

"Huyu anageukageuka, mama. Atakupiga mateke."

"Nimelea sita. Mateke nayajua."

"Halafu bado anakojoa kitandani."

"Mama," Bibiana alisema, "mimi sikojoi."

Safina alimtazama Dorotea, halafu Egidius, na uso wake ukaanza kupoa kama wa mtu aliyegonga mlango wasiotaka kumfungulia.

"Kama mna dini yenu inakataza, semeni tu. Sitakasirika."

"Hakuna kinachokataza," Egidius alisema. "Atalala na wewe. Ni heshima kwetu."

Dorotea alimwosha mtoto miguu nje ya banda. Alichukua muda mrefu kuliko kawaida. "Sikiliza," alimwambia. "Lile dirisha lisifungwe. Hata bibi akisema kuna mbu. Umesikia? Lisifungwe."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema. Ukisikia kichwa kinauma, njoo jikoni."

Saa mbili na nusu taa ya chumba cha nyuma ilizimwa.

*

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, Dorotea alifungua mlango wa uani. Kuku wake walilala koridoni kwa sababu ya wezi. Wanne walikuwa wamekufa, wawili wakiwa bado wameegemea ukuta wa sebule. Alisimama akiwahesabu. Kideri huua kuku, lakini kwanza huwafanya wasinzie siku mbili tatu, na jana wote walikuwa wakichakura. Hewa ya koridoni ilikuwa na harufu ya samaki aliyeoza.

Hakuita. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa chumba cha nyuma na kuusukuma. Matambara ya Egidius yalikuwa mahali pake.

Dirisha lilikuwa limefungwa, komeo limeingizwa.

Safina alikuwa sakafuni, amekaa, mgongo kwenye kitanda, ametapika kwenye beseni na pembeni yake. Alijaribu kusema. Bibiana alikuwa amelala upande wa ukuta, ndani ya shiromani. Alikuwa akipumua haraka, mdomo wazi. Mikono yake ilikuwa ya baridi na yenye jasho. Dorotea alipomwinua, kichwa kilianguka nyuma.

"Egidius," alisema. Hakupiga kelele. "Egidius, njoo umshike mgeni."

Egidius alikuja bila shati. Aliona kuku, akaona mke wake amebeba mtoto, na kitu cha kwanza alichofanya ni kurudi kufunga mlango wa uani ili majirani wasione. Halafu aliufungua tena.

Walipata bajaji barabarani baada ya dakika kumi na mbili. Safina alikaa ameegemea bega la Egidius. "Tumbo," alisema. "Na kifua, kama mtu amenikalia." Baadaye akasema, "Mtoto je?"

Dorotea alimkazia mtoto shiromani.

*

Hospitalini, zamu ya mapokezi ilikuwa ya tabibu aitwaye Dorika, mwanamke wa umri wa Dorotea, miwani imening'inia shingoni. Aliwalaza wote wawili, akaweka hewa ya oksijeni kwa mtoto, akampima malaria. Kipimo kilikuwa hasi. Presha ya mtoto aliipima mara mbili, kisha akabadilisha mkanda na kuipima mara ya tatu.

"Walikula nini?"

"Samaki," Egidius alisema. "Kambale. Mke wangu alikaanga jana jioni. Labda hakuiva vizuri."

Dorotea alimtazama. Muuguzi mmoja aliyekuwa akiandaa dripu aligeuza kichwa kumwangalia mwanamke aliyekaanga samaki wasioiva.

Silvano alikuwa amefika kwa pikipiki kutoka kijiji cha Kisawasawa. Alikuwa mwenyekiti wa zile kaya kumi na mbili, na Egidius ndiye aliyempigia. Aliwaita wote wawili nje, kwenye benchi.

"Mtoto anaendeleaje?"

"Amelala," Egidius alisema.

"Pole, mama." Silvano alivua kofia. "Sikilizeni. Yule ni raia wa nje. Likitajwa neno sumu, polisi wanaingia. Wakiingia, watachukua mchele wote kama ushahidi, na mchele si wa Egidius peke yake. Tabibu anatibu anachokiona. Atawawekea dripu, watatapika, watapona. Samaki inatosha kwa leo."

"Samaki ni wangu mimi," Dorotea alisema.

"Mama, hakuna anayekulaumu."

"Mle ndani wananilaumu."

"Lawama ya samaki inapita."

Dorotea alikaa. Alikuwa na kandambili mguu mmoja tu. Nyingine ilibaki koridoni. Alifikiria polisi, alifikiria wanawake wa zile kaya, ambao angekutana nao mashineni na kisimani maisha yake yote. Alifikiria pia kwamba tabibu huenda amekwisha kujua, kwamba wana vipimo vya kila kitu, kwamba hakuna haja ya kusema. Saa ya ukutani, iliyoonekana mlangoni, ilionyesha moja na dakika ishirini. Alipoitazama tena ilikuwa moja na dakika arobaini na tano. Katika dakika hizo ishirini na tano hakuna mtu aliyemwambia Dorika jambo lolote.

Dorika alitoka na kusimama mbele ya benchi.

"Baba, wewe ulikula huyo samaki?"

"Nilikula."

"Mama?"

"Nilikula."

"Na nyinyi wazima." Alivaa miwani. "Wale wawili wamekula nini ambacho nyinyi hamkula? Au walikuwa wapi ambapo nyinyi hamkuwa? Presha ya mtoto inashuka na mimi namtibu gizani. Kama hakuna anayejua, sawa. Kama yupo anayejua, asingoje hadi mchana kusema."

Silvano alitazama kofia yake.

"Walilala na gesi," Dorotea alisema. "Tuliweka vidonge kwenye mchele sebuleni. Nyumba haina dari. Sisi tulilala jikoni."

"Vidonge gani?"

"Vya kuua fukusi. Vya kopo."

"Tangu saa ngapi?"

"Saa tisa na dakika ishirini jana," Egidius alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema ukweli kuhusu dawa asubuhi hiyo, na aliusema kwa usahihi.

Dorika alikuwa tayari anarudi ndani. Mlangoni alimwita muuguzi, akataja dawa tatu, akamwambia apige simu kwa daktari bingwa aje hata kama hajanywa chai. Kisha akageuka. "Baba, nenda ukaniletee hilo kopo. Liweke kwenye mfuko, usiingie sebuleni, usifungue chochote. Na waambie majirani wasikae karibu."

*

Egidius alirudi na kopo saa mbili na nusu. Dorika hakulipokea. Mikono yake ilikuwa kwenye mrija wa mtoto.

"Nisomee."

Wodi ilikuwa na vitanda kumi na vinne, na watu wazima wapatao ishirini pamoja na wauguzaji. Egidius alikuwa amemaliza kidato cha nne. Alisoma jina la dawa, kisha kiasi cha sumu, kisha maandishi yaliyo chini ya fuvu, kwanza kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili: isitumike kwenye nyumba wanayoishi watu, wala jengo linaloungana nayo.

"Hayo maandishi ya Kiswahili uliyaona ulipolinunua?"

"Niliyaona."

"Uliyasoma?"

"Niliyasoma."

Mzee mmoja kitanda cha pembeni alisema "Loo," kwa sauti ndogo, akajigeuzia ukutani.

"Dawa ya kuiondoa hii hewa mwilini haipo," Dorika alisema. Sasa alimwambia Dorotea. "Tunaushikilia moyo mpaka mwili wenyewe uitoe. Ikifika kesho asubuhi moyo bado unapiga vizuri, tutakuwa tumepita pabaya. Kabla ya hapo msiniulize, kwa sababu sitajua. Na polisi nitawapa taarifa. Hilo si chaguo langu."

"Wape," Dorotea alisema.

*

Polisi wawili walifika saa tano, wakaandika maelezo, wakamwambia Egidius asitoke mjini. Sebule ilifunguliwa saa nane na mafundi wenye barakoa za mpira. Magunia yaliachwa mahali pake.

Saa kumi jioni Safina alikaa kitandani. Rangi ya midomo yake ilikuwa imerudi. Kitanda chake kilikuwa cha tatu kutoka cha Bibiana. Egidius alisogea, akasimama miguuni pake.

"Mama, nimekuja kukuomba radhi."

"Sebuleni mlikuwa na nini?"

"Dawa."

"Hilo wameniambia. Dawa ya nini?"

"Kulikuwa na fukusi. Magunia kumi na tano. Nilijua ukiwaona utaondoka."

Safina aliegemeza mgongo kwenye mto.

"Fukusi," alisema. "Baba Bibiana, mimi naagiza mchele miaka kumi na saba. Kutoka kokote unakotoka, fukusi wanakuja nao. Tunaanika, tunapepeta, tunapika. Bandarini kuna wenye kazi hiyo, wanapiga dawa ndani ya kontena na wanatoa karatasi. Nilikukataza dawa yako, sikukukataza fukusi."

Egidius alishika chuma cha miguuni pa kitanda.

"Ungesema, 'Mama, nyumba hii leo hailaliki.' Ningelala hata stendi." Alifunga macho. "Nilikuomba mtoto, ukanipa. Mimi nilikuwa sijui. Wewe ulikuwa unajua, ukanipa."

Aliita muuguzi, akaomba kitanda chake kisogezwe. Muuguzi alisema utaratibu hauruhusu. Safina alisema ataukalia utaratibu huo sakafuni, akaanza kushuka na dripu yake mkononi. Wagonjwa wawili walibadilishana nafasi naye. Tangu saa kumi na moja kasoro robo alikuwa kando ya Bibiana, mkono mmoja juu ya mguu wa mtoto, Dorotea akiwa upande wa pili. Mara moja tu Safina aliuliza, "Anakula nini asubuhi?" na Dorotea akajibu, "Uji na kiporo."

Presha iliandikwa kila nusu saa. Mara mbili jioni hiyo ilishuka kiasi kwamba Dorika, ambaye zamu yake ilikwisha saa nane, akavua koti la kurudi nyumbani alilokuwa amekwisha kulivaa.

*

Jumatano, saa tatu kasoro dakika tano asubuhi, daktari bingwa alisema mapigo ya moyo yametulia na dawa ya kupandisha presha imeanza kupunguzwa. Hakusema zaidi ya hapo. Silvano alikuwa amesimama dirishani na wanakaya wengine watatu. Hawakuingia. Mmoja wao alikuwa ameleta chupa ya uji.

Saa tatu na dakika thelathini na tano Bibiana alifungua macho. Alitazama juu, kisha mrija, kisha akamtafuta mama yake kwa macho bila kugeuza kichwa. Dorotea aliinama. Egidius, aliyekuwa mlangoni, alisogea hatua mbili.

Midomo ya mtoto ilikuwa imekauka. Ilibidi ajaribu mara mbili.

"Mama," alisema, "dirisha sikulifunga mimi."

Dorotea alishika ukingo wa kitanda.

"Bibi alisema kuna baridi. Nikamwambia mama amesema lisifungwe. Akasema wewe mtoto, lala. Nikalala." Alimwona baba yake, akavuta shuka hadi kidevuni kwa mkono usio na dripu. "Baba, sikulifunga mimi."

"Nililifunga mimi," Safina alisema. "Mimi, mwanangu. Sikia."

Egidius alifungua mdomo.

Dorika alipita katikati yao, akapima presha, akasoma namba mara mbili. Kisha alichukua kadi iliyoning'inia miguuni pa kitanda, akaandika saa, akaandika namba, na mbele yake neno moja: Ameongea.